Kiti mwendo cha rimoti kikigoma: anza kwenye betri, rimoti iwe ya mwisho

"Mwalimu, Bluetooth imekufa."

Sentensi hiyo naisikia kila mwaka miradi ya mwaka wa mwisho inapokaribia kuwasilishwa, nami huuliza swali lilelile: betri umeipima ikiwa na mzigo? Hapo huwa kimya, au naambiwa ilichajiwa jana. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya elektroniki katika chuo kimoja hapa Dodoma. Viti mwendo vya rimoti nimevifungua vya kutosha kujua kwamba rimoti hulaumiwa kwa sababu ndiyo iliyo mkononi. Ugonjwa wenyewe huwa chini ya kiti: waya mwembamba, nati iliyolegea, betri ya pikipiki iliyokwisha umri wake.

Kiti ninachokizungumzia ni kile cha kukunjwa, cha kawaida cha hospitali, kilichofungwa mota mbili za waipa ya gari kutoka kwa wauza spea mtumba. Kila mota inavuta gurudumu lake la nyuma kwa cheni. Kuna draiva mbili za BTS7960 zinazopeleka umeme kwenye mota, Arduino Uno moja (kompyuta ndogo inayoendesha programu ya kiti), moduli ya Bluetooth ya HC-05 inayopokea amri za simu, na betri moja ya volti 12. Usukani hakina, kinageuka kwa gurudumu moja kuzidi jingine mwendo. Chako kikiwa na moduli ya redio ya nRF24L01 badala ya HC-05, sehemu kubwa ya maelezo haya bado inakuhusu.

Kabla hujashika bisibisi

Inua magurudumu ya nyuma juu ya matofali. Kiti kisichogusa chini hakimgongi mtu, na utaona kila gurudumu linafanya nini peke yake. Mtu asikae juu yake mpaka umalize sehemu inayofuata.

Halafu nenda gereji ukaombe globu ya taa ya mbele ya gari, volti 12, wati 55. Iunge mfululizo kwenye waya chanya wa betri unapowasha mfumo mpya kwa mara ya kwanza. Kukiwa na shoti, globu itawaka na umeme utaishia kwenye ampea nne na nusu hivi. Bila globu, betri ya asidi inaweza kumwaga mamia ya ampea kwa mkupuo, na waya ukawa kaa la moto mkononi mwako. Globu ikibaki imezima mfumo ukiwa umetulia, itoe, weka fyuzi, endelea. Mafundi wa redio wanaujua ujanja huu tangu zamani, lakini kwenye daftari za wanafunzi siuoni.

Kuhusu multimita: angalia waya mwekundu umechomekwa wapi. Ukiuacha kwenye tundu la ampea 10 kisha ukapima volti za betri, umetengeneza shoti kwa mikono yako.

Kiti hakisimami ukiachia kitufe

Dalili hii naitanguliza ijapokuwa si ya kila siku. Kiti kikigoma kuondoka unapoteza maksi, kikigoma kusimama unavunja mguu wa mtu. Nilipokuwa mwanafunzi, kiti cha kundi letu kilipita katikati ya viti vya wageni na kwenda kusimama kwenye meza ya msimamizi, huku mwenzangu akibonyeza simu yake kwa nguvu kana kwamba kioo ndicho kilicholegea. Simu ilikuwa imezima.

Chanzo cha siku ile ndicho kinachoongoza hata sasa: programu inaishi kwa amri ya mwisho. Aplikesheni nyingi za simu hutuma herufi moja ukibonyeza na nyingine ukiachia. Simu ikizima katikati, au mtu akitoka nje ya mita kumi hivi, ile herufi ya kusimama haifiki, na Arduino inaendelea na "mbele" kwa uaminifu wote. Dawa ni saa ya kujihami. Kila amri inapopokelewa, programu iandike muda wake kwa millis(), saa ya ndani ya Arduino. Nusu sekunde ikipita bila amri mpya, mota zote ziwe sifuri. Lakini hapo lazima na aplikesheni nayo ibadilishwe irudie amri kila milisekunde 100 kitufe kikiwa kimeshikiliwa. Wanaofanya nusu ya kwanza na kuisahau ya pili hurudi kwangu na ugonjwa mpya: kiti kinatembea kwa kushtukashtuka kama bajaji iliyoishiwa mafuta. Na kama umejaza delay(), amri ya kusubiri, ndani ya programu, saa hiyo haitafanya kazi, kwa sababu muda wa delay() programu haisomi lolote.

Chanzo cha pili kinatisha zaidi, kwa sababu programu haikifikii. Transista za draiva zikiungua, mara nyingi hufa zikiwa zimeshikana. Mota inapata volti 12 zote, Arduino iseme isemavyo. Ili kujua, chomoa nyaya za ishara kutoka Arduino kwenda draiva huku kiti kiko juu ya matofali. Gurudumu likiendelea kuzunguka, draiva ndiyo mhalifu.

Ndiyo maana sipitishi kiti chochote maabara kisicho na swichi nyekundu ya dharura, ile ya kugonga kwa kiganja ikabaki imezama. Iunge kwenye koili za rilei mbili za gari za ampea 40, rilei moja kwa kila mota, ili kuigonga kukate chanya ya mota moja kwa moja. Usiiunge kama kitufe cha kuiambia Arduino isimame. Arduino ndiyo unayemshuku. Swichi iwe mahali anapofika aliyekaa kwenye kiti, si mwenye rimoti peke yake.

Kama kiti kinaruka kidogo unapowasha kisha kinatulia, hilo ni dogo. Sekunde ya kwanza Arduino haijaanza kuendesha pini zake na ishara zinaelea hewani. Weka rezista ya kilo-omu 10 kutoka kila pini ya R_EN na L_EN, zile za kuiwasha draiva, kwenda hasi.

Rimoti inakatika kila kiti kinapoanza kuondoka

Hapa ndipo "Bluetooth imekufa" huzaliwa. Magurudumu yakiwa hewani kila kitu ni kizuri. Mkalishe mtu wa kilo 70, bonyeza mbele, kiti kinajikuna kidogo, taa ya HC-05 inarudi kumetameta haraka, simu inasema imepoteza muunganisho.

Tazama taa mbili kwa pamoja wakati wa kuondoka: ile ya HC-05 na ile ndogo yenye herufi L kwenye Arduino. Taa ya L ikimetameta kama inavyofanya unapobonyeza kitufe cha kuanzisha upya, Arduino nzima imezima na kuwaka. Huo ni upungufu wa umeme, na huna haja ya kugusa programu. Ikiwa ni HC-05 pekee iliyoanguka, umeme wa moduli hiyo ndio unaoyumba, au kelele za umeme za mota zinaingia kwenye nyaya zake.

Sasa betri. Ya asidi iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.7 hivi, ikisoma 12.2 iko nusu, 11.8 imekwisha. Namba hizo, hata hivyo, hazikuambii nguvu yake. Betri mbovu inaweza kusoma 12.6 ikiwa imelala, na ikaanguka hadi 8 mara mota mbili zinapoivuta. Pima kwenye vichwa vya betri wakati kiti kinaondoka na mtu. Ikishuka chini ya 11, lawama ni ya betri. Betri ya pikipiki ndiyo inayonunuliwa zaidi kwa kuwa ni rahisi kuipata, lakini imetengenezwa kupiga stata kwa sekunde chache kisha ichajiwe na injini. Ukiimaliza na kuijaza kila siku itakufa mapema. Ya sola au ya UPS, kuanzia Ah 18, inavumilia zaidi. Ama zile seli za lithiamu za 18650 zilizoandikwa 9,900 mAh, ziache dukani. Seli halisi ya ukubwa ule haivuki sana 3,500, na anayekudanganya kwenye kitambulisho atakudanganya na kwenye usalama.

Betri ikionekana nzima, hamia kwenye nyaya. Hapa wanafunzi hupima kwa njia isiyosaidia: wanaweka multimita kwenye mlio, inalia, wanasema waya ni mzima. Mlio unakuambia umeme unapita. Haukuambii unapita mwingi kiasi gani. Weka multimita kwenye volti, ncha moja kwenye kichwa chanya cha betri, nyingine kwenye skrubu chanya ya draiva, kisha ondosha kiti na mtu. Kinachosomeka ni volti zilizopotea njiani. Fanya vilevile upande wa hasi, ambao husahaulika. Pande zote mbili zikipoteza jumla ya zaidi ya nusu volti, kuna kazi ya kufanya.

Hesabu yenyewe haina siri. Waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, ule wa taa za nyumbani, una miliomu 12 hivi kwa kila mita. Mita tatu kwenda na kurudi ni miliomu 36. Mota mbili za waipa zikianza kuvuta mtu zinaweza kudai ampea 30 kwa muda mfupi, na 30 mara 0.036 ni volti 1.1 iliyogeuka joto. Waya wa 4 unapunguza hasara hiyo hadi karibu volti 0.4. Na ukinunua, kwaruza ncha kwa kisu kwanza. Ukiona nyeupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba juu, na hesabu niliyokupa haiihusu.

Waya ukiwa mnene na volti bado zinapotea, pima kila kiungo peke yake: kishikio cha fyuzi, swichi, vichwa vya betri, skrubu za draiva. Kimoja kitajisaliti. Kama huna subira ya kupima, endesha dakika tano kisha gusa kila kiungo kwa tahadhari. Kinachounguza ndicho.

Mwisho kabisa tenganisha njia. Umeme wa Arduino na HC-05 utoke kwenye vichwa vya betri kwa nyaya zake zenyewe, upitie kipunguza volti cha LM2596 kilichorekebishwa hadi 5 kabla ya kuunganishwa kwenye pini ya 5V. Nasema kabla, kwa sababu vinauzwa vikiwa vimewekwa volti yoyote ile. Waya hasi wa Arduino usipite kwenye skrubu moja na hasi ya mota na kuendelea. Vyote vikutane kwenye kichwa cha betri. Lehemu kapasita ya 104 (mikrofaradi 0.1) kati ya nyaya mbili za kila mota, karibu na mota yenyewe, na uzisokote nyaya hizo kama msuko. Kelele nyingi hufia hapo.

Mbele kinakwenda vizuri, kikigeuka fyuzi inakatika

Hii naipenda kwa sababu haina aibu: inafanana kabisa na kosa la programu. Kundi moja liliandika upya programu yao mara tatu na kumaliza pakiti ya fyuzi kabla ya kuniita. Kwenda mbele, sawa. Kurudi nyuma kwa kasi yote, sawa. Kupinda taratibu kwa gurudumu moja kusimama, sawa. Kugeuka papo hapo, gurudumu moja mbele na jingine nyuma, pa!

Nikawaambia wachomoe mota, waweke multimita kwenye mlio, ncha moja kwenye waya wa mota na nyingine kwenye bodi lake la chuma. Ikalia.

Mota nyingi za waipa zimetengenezwa kwa ajili ya gari, na kwenye gari bodi zima ni hasi. Brashi moja imefungwa ndani kwenye chuma cha mota yenyewe. Gari haliigeuzi mota hiyo, kwa hiyo hakuna shida. Draiva yako inaigeuza: ukirudi nyuma, bodi la mota linakuwa chanya. Mota zote mbili za kundi hilo zilikuwa zimefungwa bolti kwenye fremu moja ya chuma, shafti zikitazama upande mmoja. Zote zikienda mbele, mabodi yote ni hasi, amani. Moja mbele na moja nyuma, bodi moja ni hasi na lingine chanya, na fremu ya kiti ndiyo waya unaoziunganisha. Shoti kamili, inayopita chini ya mapaja ya mtu.

Kama fyuzi yako inakatika hata kwa kurudi nyuma tu, chanzo ni hichohicho, ila wewe umefunga na hasi ya betri kwenye fremu.

Wengi hukimbilia kuweka mpira au plastiki kati ya mota na fremu. Kwa kiti cha cheni haitoshi: umeme unatoka kwenye bodi kupitia shafti, unapanda sproketi, unafuata cheni hadi kwenye ekseli na kurudi kwenye fremu. Fungua mota. Tafuta mahali brashi ya hasi ilipokazwa kwenye chuma, ikate hapo, lehemu waya wake mwenyewe na uutoe nje ukiwa umevishwa mpira wa kuzuia shoti. Funga, rudia kipimo cha mlio, sasa inyamaze. Ni kazi ya saa moja kwa kila mota. Au nenda na multimita kwa muuza spea na upime kabla ya kulipa. Atakutazama vibaya. Vumilia.

Kinavuta upande mmoja

Kabla ya yote bonyeza matairi. Miiba ya migunga imejaa njia zetu, na tairi lililopungua upepo linavuta kiti kuliko kosa lolote la umeme. Zungusha pia magurudumu madogo ya mbele kwa mkono. Nywele na nyuzi za mikeka hujizungusha kwenye ekseli zake mpaka beringi inakwama.

Vikiwa vizuri, rudi kwenye asili ya mota. Waipa inazunguka upande mmoja maisha yake yote, na watengenezaji huziweka brashi zikae kwa kupendelea upande huo. Kwenye kiti ambacho mota ya kushoto na ya kulia zimetazamana, kiti kikienda mbele moja inazunguka upande inaoupenda na nyingine kinyume. Weka alama ya chaki kwenye kila gurudumu, hesabu mizunguko ya dakika moja kwa kila upande. Ukiona mota ileile ina mizunguko tofauti mbele na nyuma, umepata jibu. Njia ya haraka ni kupunguza namba ya mota yenye kasi kwenye analogWrite, amri ya kupanga kasi, tuseme 225 badala ya 255, na kuwa na namba nyingine kwa kurudi nyuma. Njia safi zaidi, kwa kuwa una cheni, ni kufunga mota zote shafti zikitazama upande mmoja, ili zote zizunguke sawa kiti kikienda mbele. Hakikisha pia zote mbili umeunga waya wa mwendo uleule. Mota ya waipa ina waya wa mwendo mdogo na wa mwendo mkubwa, na nimeshaona kiti kilichochanganya.

Usisahau kwamba kwenye Uno analogWrite hukatakata umeme mara 980 kwa sekunde kwenye pini 5 na 6, na mara 490 kwenye nyingine. Mota moja kwenye pini 5 na nyingine kwenye pini 9 zitatofautiana kidogo, hasa kwa mwendo wa chini. Na ukiita maktaba ya Servo, pini 9 na 10 hazitatoa tena analogWrite. Mota ya upande huo itabaki ama imezima ama kasi yote.

Kwenye sakafu simba, kwenye mchanga paka

Chukua kiti cha kilo 40 na mtu wa kilo 70, jumla 110. Kwenye njia ya zege yenye mwinuko wa 1 kwa 12, mvutano wa dunia unakurudisha nyuma kwa nguvu ya niutoni 90 hivi. Ongeza 20 za msuguano wa matairi, unapata 110. Gurudumu la inchi 24 lina nusu kipenyo cha mita 0.3, kwa hiyo zinahitajika niutoni-mita 33, mota kila moja 16 na nusu. Mota ya waipa iliyofungwa moja kwa moja kwenye gurudumu itakuwa imekaribia kukwama, na mota ikikwama inakula ampea nyingi kuliko wakati wowote.

Sasa toka nje, barabara tambarare ya mchanga wa Nkuhungu au Chang'ombe. Mchanga laini unaweza kudai sehemu moja ya tano ya uzito mzima. Hiyo ni zaidi ya niutoni 200, bila mlima wowote! Wanafunzi hupima kiti kwenye korido yenye vigae, wakienda uwanjani wanashangaa.

Ongeza nguvu kwa cheni. Sproketi ya meno 14 kwenye mota na ya 42 kwenye gurudumu, zote za pikipiki, zinakupa nguvu mara tatu na mwendo theluthi. Mota ya mizunguko 60 kwa dakika itageuza gurudumu mara 20, karibu mita 38 kwa dakika. Ni polepole kuliko mtu anayetembea, na kwa kiti cha majaribio ndivyo inavyotakiwa. Magurudumu ya mbele, yale membamba ya inchi chache, yabadilishe uweke mapana, kwa sababu ndiyo yanayozama kwanza. Kwa mchanga mzito wa korongoni, niseme wazi, mota za waipa hazifai. Usimwahidi mtu.

Draiva inanuka

Kama ni L298N, haukuwa mzigo wake. Inabeba ampea 2 kwa kila mota na inakula volti karibu 2 njiani. Itoe.

BTS7960 inauzwa ikiwa imeandikwa ampea 43, lakini namba hiyo ni ya chipu, si ya bodi yenye kipande kile kidogo cha alumini kilichofungwa kwenye boksi lisilopumua mchana wa Oktoba. Weka feni, kaza skrubu za waya kila wiki, na kwenye programu usiruke kutoka mbele kwenda nyuma kwa mara moja. Panda na shuka taratibu ndani ya nusu sekunde. Hata aliyekaa atakushukuru. Kama ilinuka mara ulipounga betri tu, uligeuza chanya na hasi. Bodi ile haina kinga ya hilo.

Rimoti yenyewe, hatimaye

Simu haiioni HC-05: kama ni iPhone, haitaiona kamwe, tumia Android. Inaiona ila haiungi: namba ya siri ni 1234 au 0000. Imeunga lakini amri ni takataka: kasi ya mawasiliano iwe 9600, ile 38400 ni ya kuipangia moduli tu. Programu haipandi kwenye Arduino: chomoa HC-05 kwenye pini 0 na 1, pandisha, rudisha. Moduli ilifanya kazi mwezi mmoja ikafa: pini yake ya RX ni ya volti 3.3 na wewe uliipa 5. Weka rezista ya kilo-omu 1 na ya kilo-omu 2 za kugawa volti. Inashika kwa mita mbili tu: umeifungia kwenye boksi la chuma.

Waliotumia rimoti ya televisheni wasitoke nje. Jua la hapa linaifunika miali yake.

Jostiki inayosogeza kiti bila kuguswa haijarogwa. Katikati yake si 512 kamili. Acha nafasi ya 30 kila upande ambayo programu inaihesabu kuwa sifuri, na uifunike kwa mpira, kwa kuwa vumbi la Agosti likishaingia ndani hata nafasi ya 100 haitatosha.

Kimezimika njiani na hakisukumiki

Dalili hii hakuna mwanafunzi aliyeniletea. Ililetwa na babu mmoja wa Chang'ombe tuliyempelekea kiti akijaribu. Alikaa, akaendeshwa hadi mlangoni na kurudi, akatabasamu, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, umeme ukiishia kule kisimani, huyu mtoto atanisukumaje?" Mtoto mwenyewe alikuwa wa darasa la nne. Kijana wetu akazima kiti, akaenda nyuma, akasukuma. Kiti hakikusogea hata inchi.

Gia ya waipa ina umbo la skrubu. Mota inaweza kuzungusha gurudumu, gurudumu haliwezi kuzungusha mota. Ni breki nzuri ya bure mlimani, na ni pingu betri ikiisha. Betri ya Ah 18 kwenye mzigo wa ampea 15 haitafika saa nzima, kwa hiyo siku hiyo itakuja.

Tulirudi maabara tukatoa bolti zinazokaza sproketi kubwa kwenye gurudumu, tukaifanya izunguke huru juu ya kitovu, kisha tukatoboa tundu moja linalopita sproketi na kitovu pamoja na kuchomeka pini nene ya chuma. Pini ikiwa ndani, mota inavuta. Ikichomolewa, gurudumu ni la kiti cha kawaida. Kila pini ina kamba ya kuizuia isipotee mchangani na kitambaa chekundu ili mtoto aione jioni. Kwa kuwa pini ikitoka breki ya gia nayo imetoka, tulirudisha zile breki za mkono tulizokuwa tumezing'oa kupisha mota. Mtoto alifundishwa mpangilio huu: vuta breki zote mbili, chomoa pini ya kushoto, chomoa ya kulia, shika vishikio, ndipo uachie breki.